Kuki za mtandaoni: tunayoambiana na ukweli ulivyo

Fundi simu wa mtaani kwetu kila simu nzito ikifika kibandani kwake anaipa dawa ileile, "futa kuki, zimejaa humo ndo maana inaganda". Jamaa kubadilisha vioo hana mpinzani ila hapa kachapia. Kuki ni maandishi madogo tu ambayo saiti inayaacha kwenye brauza yako ikutambue ukirudi, moja haizidi kama KB 4 hivi, yani picha moja ya wasap inameza makumi ya kuki. Kinachojaza simu ni keshi, zile picha na mafaili ambayo brauza inayatunza ili saiti ifunguke chap ukirudi, sasa kwa vile sehemu ya kufutia ni hiyohiyo watu wanaona ni kitu kimoja, mtu anafuta vyote afu anashangaa akaunti zote zimemtoa nje na paswedi hakumbuki.

Wengine wanasema kuki ni kirusi. Sio. Ni maandishi, hayawezi kujiendesha yenyewe. Zilibuniwa 1994 na Lou Montulli pale Netscape, kampuni ya brauza ya enzi hizo, kwa sababu saiti zilikuwa hazina kumbukumbu, kila ukurasa ukifungua ni kama hawajawahi kukuona, kikapu cha manunuzi kitakaaje? Ni kama kile kibati cha namba unachopewa supamaketi ukiacha begi mlangoni, kibati chenyewe hakijui jina lako, mwenye mambo ni yule mwenye daftari, yani saiti iliyokupa hiyo kuki.

Na shida ndo inaanzia kwenye daftari. Ukurasa mmoja unaousoma unakuta ndani yake kuna vipande vya makampuni mengine, tangazo hapa, kitufe cha laiki pale, na kila kipande kinaweza kukupa kibati chake. Kampuni ileile ya matangazo ikiwa na kipande kwenye saiti ya viatu, ya habari na ya magonjwa, inakuona kote huko kwa namba moja, ndo maana viatu ulivyoangalia jana leo vinakufuata hadi kwenye matokeo ya mpira.

"Mi natumia inkognito bwana." Haya. Inkognito, ile hali ya brauza ya kuperuzi kwa siri, inakuficha kwa wanaoshika simu yako baada yako, basi. Ukifunga dirisha historia na kuki zinafutika kwenye simu, ila saiti ilikuona, mtandao wako wa simu unajua umeingia saiti gani, na kama ulikuwa kwa wifi ya ofisini nao wanaweza kujua. Google walishtakiwa Marekani 2020 kwa kukusanya taarifa za watu waliokuwa kwenye hali hiyohiyo, na 2024 kwenye makubaliano ya kumaliza kesi wakakubali kuharibu mabilioni ya rekodi.

Kingine, kile kibango cha kuki kinachotokea ukifungua saiti, "kubali zote". Watu wanabonyeza wakidhani wasipokubali hawasomi. Kuna saiti kweli zinabana, ila nyingi ukikataa unasoma kama kawaida, sema kitufe cha kukataa wamekificha ndani huko kwenye mipangilio, na hawajakosea ni makusudi kabisa. Ufaransa mwanzoni mwa 2022 ilitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa sababu hiyo, kukubali mbofyo mmoja, kukataa mibofyo kibao. Na mahakama ya Umoja wa Ulaya ilishasema 2019 kwamba kiboksi kilichotikiwa tayari sio ridhaa.

Sera ya faragha nayo ikiwepo haimaanishi upo salama, ile inakwambia wanachofanya na taarifa zako, kikiwemo kuwagawia "washirika". Kwa Tanzania angalau kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na kuna Tume ya kulalamikia.

Usidhani pia ukikataa kuki zote umepotea machoni mwao. Ukiwa umelogin wanakujua kwa akaunti. Na hata bila kulogin, aina ya simu, ukubwa wa skrini, fonti (aina za herufi), saa, vikiunganishwa vinakutofautisha, utafiti wa 2010 wa EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za watu mtandaoni, ulikuta zaidi ya 80% ya brauza zilizopimwa hazina pacha.

Mimi nilichofanya ni kuzuia kuki za hao wa pembeni tu, yani yale makampuni yenye vipande kwenye saiti za wengine, za saiti yenyewe nimeziacha. Safari na Firefox zinawabana zenyewe, Chrome walitangaza 2020 kwamba watazitoa, wakasogeza tarehe weee, mwishowe wakaghairi, kwahiyo humo ingia mwenyewe mipangilio, faragha na usalama, uzime.