Je, wajua kwa nini sokwe yatima wa Entebbe hawarudishwi msituni?

"Mjomba, si wangewafungulia tu warudi kwao?" Mpwa wangu aliniuliza hivyo katika bustani ya wanyama ya Entebbe, tukitazama kisiwa kidogo cha sokwe mtu. Hakuna nondo pale. Mfereji wa maji unatosha, maana sokwe hawajui kuogelea.

Mtoto wa sokwe haokotwi njiani. Huwa kamng'ang'ania mama yake, kwa hiyo anayetaka kumuuza humuua mama kwanza, na mara nyingi hata wanaokuja kumtetea. Hapo mtoto amepoteza mengi zaidi ya maziwa. Sokwe hunyonya miaka minne au mitano, kisha humfuata mama kwa miaka kadhaa akijifunza: tunda lipi linalika, kijiti cha kuvulia mchwa huandaliwaje, matawi hukunjwaje jioni yawe kitanda juu ya mti. Yatima aliyefungwa kamba uani kwa mtu hakuyaona hayo.

Na hata angeyajua, msitu una wenyewe. Huko Kibale na Budongo, misitu ya Uganda yenye sokwe, kila kundi lina eneo lake, na madume huzunguka mipakani kimya kimya. Wakimkuta dume mgeni humshambulia, pengine hadi afe. Jike kijana angalau ana nafasi ya kupokelewa, kwa kuwa ni majike wanaohamia makundi mengine. Kisha kuna maradhi: mafua tunayoyapuuza sisi huweza kuua sokwe, na aliyeishi na watu anaweza kuyapeleka kwa wenzake wa msituni.

Hii si jela, nilimwambia. Kituo kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima na waliojeruhiwa, na wapo wanaotibiwa hapo wakarudi porini. Kwa sokwe, kilichokaribia zaidi kurudi kwao ni kisiwa cha Ngamba, ndani ya Ziwa Victoria, kilichofanywa makao yao mwaka 1998. Mchana huzurura kwenye msitu halisi, lakini chakula bado huletewa na watu, kwani kisiwa hakitoshi kuwalisha wote.

Mpwa wangu ana miaka tisa. Sokwe akitunzwa vizuri huweza kuvuka miaka 50. Mtoto wa sokwe atakayenyang'anywa mama yake leo huenda akawa bado anasubiri kupelekewa matunda siku mpwa wangu atakapokuja Entebbe na wajukuu.