Hoteli binafsi nayo ina rushwa: ukweli kuhusu "asante" ya mkataba

Wawekezaji wengi wa hoteli Dodoma bado wanaamini rushwa ni mambo ya serikalini tu. Hoteli ikiwa ya mtu binafsi, wanasema, mshauri anayemsaidia mwenye hoteli kuchagua kampuni ya kuiendesha, akipokea "asante" ya siri kutoka kampuni iliyopata mkataba huo wa uendeshaji, hajakosa. Si kweli. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamgusa pia wakala wa mtu binafsi, yaani anayefanya kazi kwa niaba yake kama mshauri huyu, na kinawabana mtoaji na mpokeaji.

Tena fedha hiyo huishia kulipwa na mwenye hoteli mwenyewe, kupitia ada anazomlipa mwendeshaji. Ada ya msingi mara nyingi huwa asilimia 2 hadi 4 ya mapato yote, na juu yake kuna ada ya motisha inayotokana na faida ya uendeshaji. Chukua hoteli inayoingiza shilingi bilioni 2 kwa mwaka: asilimia 1 ya ziada ni milioni 20, na kwa miaka 15 ni milioni 300! Kibaya zaidi, kipengele cha kumwondoa mwendeshaji asiyefikia malengo hulegezwa au hufutwa kabisa.

Mwendeshaji akimlipa mwenye hoteli waziwazi, ikaandikwa mkatabani, hiyo ni biashara halali. Kwa hiyo mtake mshauri aeleze kwa maandishi, kabla hajakutana na kampuni yoyote, nani mwingine anamlipa na kiasi gani. Bahasha za zabuni zifunguliwe mbele yako. Ukishuku, piga 113, namba ya TAKUKURU.