Ukiitwa kutoa maoni ya hakimiliki: maneno kwa wachongaji, wanangoma na wakulima wa Kusini

Katika mkutano mmoja wa elimu kwa umma huko Newala, mzee mchongaji alisimama akiwa na kalenda aliyoikunja kama gazeti. Akaifungua mwezi wa Agosti. Palikuwa na picha ya kinyago cha mpingo, watu wamebebana toka chini hadi juu, kile tunachokiita dimongo. "Hiki nimekichonga mimi," akasema. "Alikuja mtu na gari, akakinunua, hela nikapokea. Sasa mwanangu, hapa nina ruhusa ya kulalamika au nikae chini?"

Methali inasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Cha mzee huyu kilimtisha, maana kilirudi kwake bila jina lake.

Nilimjibu kwamba ruhusa anayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ilipitishwa mwaka 1999, Rais akiwa Benjamin Mkapa, mtu wa Lupaso, Masasi. Kwa sheria hiyo, anayeuza mti aliouchonga hajauza haki ya kuunakili. Mnunuzi anaweza kukiweka kinyago sebuleni, akakiuza tena, hata akampa mkwewe. Kukipiga picha na kuchapa kalenda za biashara ni jambo la pili, nalo lilihitaji kibali cha mchongaji. Haki hiyo ilizaliwa siku kinyago kilipokamilika. Haikungoja kusajiliwa, na usajili kazi yake ni kurahisisha ushahidi. Zaidi ya hapo iko haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyeifanya kazi, na hiyo husimama peke yake hata kama haki za kiuchumi umeshaziuza.

Ugumu ni kuthibitisha. Wachongaji wetu wengi hawaandiki jina chini ya kinyago. Wananiambia mnunuzi hapendi, eti anataka kitu kionekane cha kale. Mimi nasema andika, na kabla hakijaondoka kipige picha kwa simu, uandike kwenye daftari tarehe na aliyekinunua.

Mkutano ule ulipata moto pale jirani wa yule mzee aliposimama. Yeye malalamiko yake yalikuwa mengine: vijana wa Mwenge, Dar es Salaam, wanachonga dimongo mchana kutwa, na baadhi yao si Wamakonde. Akataka sheria mpya iwakataze.

Hapa ndipo ninapowaomba watu wa Mtwara na Lindi tuelewane kabla Serikali haijatuita tena kutoa maoni. Hakimiliki inalinda kazi yenyewe, kinyago hiki chenye sura hii. Mtindo hailindi. Mchongaji Samaki Likankoa hutajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani, yaani vinyago vya majini na mizimu, miaka ya 1950. Kama mtindo ungekuwa mali ya mtu, kila aliyechonga shetani baada yake angepaswa kumwendea Likankoa kuomba kibali. Na kwa kuwa haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, baada yake wangewaendea warithi wake. Wangapi kati yetu wangekuwa wachongaji leo?

Kwa hiyo ukiandika "mtindo wetu ulindwe na hakimiliki", maoni yako yatawekwa pembeni, na kusema kweli yatastahili. Lakini kilio chenyewe si cha uongo. Kinahitaji mlango mwingine. Mlango mmoja ni alama ya pamoja ya chama cha wachongaji, mnunuzi aione na ajue kinyago kimetoka kwa nani. Mwingine ni kile wataalamu wanachokiita viashiria vya kijiografia, yaani ulinzi wa jina la mahali linalobeba sifa ya bidhaa. Zanzibar waliliingiza jambo hilo katika Sheria ya Mali za Viwandani ya mwaka 2008. Sheria ya alama za biashara na huduma ya Bara ni ya mwaka 1986, na iliandikwa kwa kumfikiria mfanyabiashara mwenye chapa yake, si jina la mahali ambalo ni la watu wote waliomo. Nawakumbusha pia kwamba miliki ubunifu, yaani haki zote hizi juu ya kazi za akili na majina ya bidhaa, si jambo la Muungano. Bara wana BRELA inayosajili biashara na alama zake, na COSOTA inayosimamia hakimiliki; Zanzibar wana taasisi zao, na alama iliyosajiliwa upande mmoja haivuki maji.

Korosho nazo zinaingia mlango huohuo. Mkulima wa Tandahimba akidai kwamba korosho yake ikishabanguliwa ng'ambo hupoteza jina la ilikotoka, hilo ni dai la jina la mahali, halina uhusiano na hakimiliki. Kuhusu mbegu, uko mlango wa tatu: Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea ya mwaka 2012. Sisi tulio jirani na kituo cha utafiti cha Naliendele tuna sababu ya kuisoma vizuri, hasa inasema nini juu ya mkulima anayekata vikonyo shambani kwake na kubebesha miche ya jirani.

Nirudi kwenye ngoma, maana hapo ndipo Kusini ina la kusema kuliko mikoa mingi. Sheria ya 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi: ngoma, ngano, nyimbo na michoro ambayo haina mtunzi mmoja anayejulikana. Anayetaka kuzitumia kibiashara, nje ya mazingira yake ya asili, anatakiwa kuomba kibali. Wazo ni zuri. Maswali yako ndani yake. Sindimba ilitoka kwa Wamakonde, baada ya Uhuru ikabebwa na kikundi cha ngoma cha taifa, ikachezwa mashuleni nchi nzima. Leo kampuni ikitaka mdundo wake kwa tangazo, mwenye kuulizwa ni nani? Kijiji? Mkoa? Taifa? Na Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, tuwaweke wapi? Nchi za shirika la miliki ubunifu la kanda, ARIPO, zilikaa Swakopmund, Namibia, mwaka 2010 na kupitisha itifaki ya maarifa ya jadi na sanaa za jadi, ambayo inagusa pia mali za jamii zilizogawanywa na mipaka. Wanaotoa maoni wana haki ya kuuliza sheria yetu inaifuata kwa kiasi gani.

Lipo pia jambo ambalo wanaume wenzangu huwa hawalisemi mikutanoni, nimelisikia kwa kina mama wa Lindi Vijijini. Siku hizi unyago unarekodiwa kwa simu, na jioni nyimbo za ndani ziko kwenye magrupu ya WhatsApp. Hawa hawadai mirabaha, yaani malipo ya kutumiwa kwa kazi. Wanadai visionekane kabisa. Sheria zetu nyingi za miliki ubunifu zimejengwa juu ya malipo: toa fedha, utumie. Haki ya jamii kusema "hiki hakiuzwi wala hakionyeshwi" ndiyo maoni yenye uzito kuliko yote niliyowahi kuyaandika kwenye daftari langu la mikutano, na aliyeyatoa hakuwahi kusikia neno hakimiliki kabla ya siku hiyo.

Wapo wanaoniuliza juu ya mifupa ya Tendaguru, ile ya mijusi wakubwa iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na sasa imesimama Berlin. Naomba tusiiingize hapa. Mfupa haukutungwa na mtu, na mjadala wake ni wa sheria za mambo ya kale na wa mazungumzo kati ya nchi na nchi.

Suala la mirabaha ya muziki nalipita haraka. Mwaka 2022 COSOTA iliacha kuwa chama ikawa ofisi, na kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha ikafunguliwa kwa kampuni za wenye haki wenyewe. Mwenye baa Mikindani na mwenye basi la Dar ni wadau pia, na waende wakaseme. Kama wanadaiwa na zaidi ya mlango mmoja kwa muziki uleule, hilo ni maoni halali kabisa.

Urithi nao hauna budi kusemwa. Miaka 50 baada ya kifo ni mingi, lakini inamfaa nani? Wamakonde, Wamwera na Wayao kwa mila walifuata ukoo wa mama. Wengi wetu sasa ni Waislamu, wengine Wakristo. Mchongaji akifa bila wosia, haki zake zinaweza kudaiwa na mtoto, mpwa na mjane kwa pamoja, na mchapishaji wa kalenda atapata kisingizio kwamba hakujua amlipe nani. Ukiandika wosia, utaje na hakimiliki, usiishie kwenye mikorosho na nyumba.

Sasa namna ya kutoa maoni. Mabadiliko ya sheria huanza wizarani, na maafisa utamaduni wa halmashauri ndio watu wa karibu wa kuwauliza. Muswada ukishachapishwa katika Gazeti la Serikali na kusomwa Bungeni mara ya kwanza, kamati huita wadau Dodoma, na huwa pia inapokea maoni ya maandishi. Muda wenyewe ni mfupi, kwa hiyo anayengoja tangazo ndipo aanze kufikiri atachelewa. Andika Kiswahili, ndiyo lugha ya sheria tangu mabadiliko ya mwaka 2021. Huhitaji wakili.

Ukiandika "wasanii tunaibiwa, Serikali itusaidie", aliyepokea hana pa kuliweka. Linganisha na hili: "Kikundi chetu cha ngoma kilirekodiwa harusini, na sehemu ya ngoma ikatumika kwenye tangazo bila sisi kuulizwa. Tunapendekeza sheria iseme kwamba anayerekodi ngoma ya jadi kwa biashara apate kibali cha kikundi kwa maandishi, akitaje kikundi na kijiji, na sehemu ya malipo iende kwa waliorekodiwa." Hapo kuna tukio, kuna pengo, kuna pendekezo. Mwandishi wa sheria anaweza kulifanya kifungu.

Weka jina, kijiji na sahihi. Toa nakala mbili, moja ipigwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo nyumbani. Muswada ukitoka bila kifungu chako, nakala hiyo ndiyo utakayoishika siku mbunge akija kijijini.