Nyuzi 21 za Nitrojeni Dioksaidi

Nimeulizwa tena, safari hii na mhandisi niliyedhani hahitaji kuelezwa: kwa kuwa jedwali linasema nitrojeni dioksaidi (NO₂) huchemka kwenye nyuzi 21 za Selsiasi, je, usiku wa baridi gesi hiyo haigeuki matone na kuiacha hewa safi? Haigeuki. Kiwango cha kuchemka husomwa pamoja na kanieneo, na hizo nyuzi 21 ni za gesi tupu kwenye kanieneo ya angahewa moja, ilhali hewa ya kando ya barabara yenye magari mengi huwa nayo, tuseme, sehemu 50 katika bilioni.

Hilo ni jepesi. Linaloniudhi ni kwamba namba yenyewe si ya NO₂. Chukua neli ya kioo iliyozibwa, yenye gesi hiyo ya kahawia, uitumbukize katika maji ya barafu: rangi hupauka ukiitazama. Ihamishie kwenye maji ya moto, nayo hukolea upya, ingawa hakuna kilichoingia wala kutoka. Molekuli mbili za NO₂ huungana kuwa N₂O₄ isiyo na rangi, zikitoa takriban kilojuli 57 kwa kila moli ya N₂O₄, na joto huzitenganisha tena. Kwenye nyuzi 25 na angahewa moja, kama theluthi mbili za molekuli ni jozi hizo. Kinachochemka kwenye nyuzi 21, basi, ni kimiminika ambacho karibu chote ni N₂O₄. Katika hewa ya barabarani, jozi hazifiki hata moja kwa kila molekuli milioni.

Kiwango cha kuyeyuka nakipita haraka: jedwali moja huandika −9.3, jingine −11.2, nami huandika "karibu −10" nikiomba nisiulizwe.

Joto mahsusi, yaani joto linalohitajika kupandisha halijoto ya gesi kwa nyuzi moja, ndilo linalonitia haya. Majedwali hutoa juli 37 hivi kwa moli kwa kelvini, thamani ya NO₂ iliyo peke yake, lakini ukipasha gesi halisi ndani ya chupa, sehemu kubwa ya joto huishia kuvunja jozi badala ya kupandisha halijoto, hivyo utapima mara kadhaa zaidi. Nimewahi kunukuu 37 hiyo nikijua haifai, kwa sababu ripoti ilikuwa na nafasi ya namba moja tu. Kichekesho ni kwamba katika hewa chafu, ambako jozi karibu hazipo, 37 ni sahihi kabisa, ila huko hakuna anayeihitaji, maana joto la hewa hubebwa na nitrojeni na oksijeni.