Msamaha haufuti hatia: fidia kwa aliyefungwa bila kosa Uganda

Edmary Mpagi alihukumiwa kunyongwa mwaka 1982 kwa kumuua mtu ambaye baadaye ilibainika yu hai. Alitoka gerezani mwaka 2000 kwa msamaha wa Rais. Lakini msamaha hufungua lango tu. Hatia hufutwa na mahakama. Na hatia ikiwa bado imesimama, huwezi kuidai Serikali fidia kwa kukushtaki kwa hila.

Kwa hiyo anza na rufaa. Notisi huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu hukumu. Muda ukipita, omba kuongezewa na ueleze kilichokuchelewesha.

Ukiachiwa huru, mwombe msajili wa mahakama nakala ya hukumu yenye muhuri, na magereza barua inayotaja siku uliyoingia na uliyotoka. Linganisha jina herufi kwa herufi na kitambulisho cha taifa. Faili likiandika “Okelo” na kitambulisho “Okello”, utaulizwa kama ni mtu mmoja, basi andaa hati ya kiapo mapema. Wapelekee polisi nakala ya hukumu wasahihishe rekodi kabla hujaomba cheti cha tabia njema. Usidhani mahakama imeshawafikishia.

Kushinda rufaa hakuleti fidia peke yake, na hapa kesi nyingi huanguka. Katika dai la kushtakiwa kwa hila ni lazima uonyeshe kwamba mashtaka hayakuwa na sababu ya msingi na kwamba aliyeyaleta alikuwa na nia mbaya. Serikali hushtakiwa ndani ya miaka 2. Dai la kuzuiliwa kinyume cha sheria ni jepesi zaidi: Ibara ya 23 ya Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na inampa fidia aliyezuiliwa isivyo halali, bila kumtaka athibitishe hila. Tume ya Haki za Binadamu nayo inaweza kuamuru fidia, ila malalamiko yaifikie ndani ya miaka 5 tangu haki ivunjwe. Aliyeteswa kituoni asingoje rufaa iishe. Miaka hiyo huyeyukia gerezani.

Ukishinda, dalali wa mahakama hawezi kukamata mali ya Serikali. Baada ya siku 21 omba mahakamani hati ya amri, yaani uthibitisho rasmi wa amri ya kukulipa, uifikishe kwa Mwanasheria Mkuu. Wasipolipa, rudi Mahakama Kuu uombe amri ya kumlazimisha afisa husika alipe.