Kuishi California si tiketi ya besiboli ya chuo

Wafuatiliaji wengi wa besiboli ya Marekani huamini kwamba kijana wa sekondari wa California au Texas ana nafasi kubwa zaidi ya kuchezea chuo kuliko mwenzake wa kaskazini, kwa kuwa vikosi vya vyuo vikubwa vimejaa majina kutoka majimbo hayo. Hoja hiyo inachanganya idadi na uwiano, kwani majimbo yanayotoa wachezaji wengi ndiyo pia yenye makumi ya maelfu ya vijana wanaogombea nafasi zilezile. Kitaifa, kati ya wachezaji wapatao 480,000 wa sekondari, takriban 7 katika kila 100 hufika vyuo vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo katika madaraja matatu, na wanaofika daraja la kwanza, lililo la juu kabisa, ni kama 2 tu.

Hali ya hewa ina uzito wake, bila shaka: anayecheza mwaka mzima huonekana mapema na maskauti, yaani watafutaji vipaji, wa daraja hilo la juu. Lakini kijana wa Massachusetts amezungukwa na vyuo vidogo vingi vya daraja la tatu, ambavyo havitoi ufadhili wa michezo ila vina timu za kujaza kila mwaka. Wa Wisconsin ana pengo katika daraja la kwanza, kwani Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison kilifuta timu yake mwaka 1991. Huko California nako, vyuo vya jamii vya miaka miwili huchukua wachezaji wengi ambao hesabu za NCAA haziwagusi kabisa.