Sarafu ya Kidijitali: Daftari Lisilo na Katibu

Mama anapotoa mchango wake katika chama pale Kawangware, katibu huandika jina lake na kiasi alichotoa, na daftari hilo ndilo ushahidi wake. Benki hufanya kazi hiyohiyo, na M-Pesa, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2007, vilevile: salio unaloliona kwenye simu ni mstari tu katika daftari linalotunzwa na kampuni. Sarafu ya kidijitali ni jaribio la kuwa na daftari la namna hiyo bila katibu.

Sarafu ya kwanza ya aina hii iliyoshika, Bitcoin, ilielezwa katika waraka uliotolewa Oktoba 2008 na mtu, au kundi la watu, aliyejiita Satoshi Nakamoto, na mtandao wake ukaanza kazi Januari 2009. Tatizo lililomkabili ni kwamba faili ya kompyuta hunakilika; je, mtu atazuiwaje asilipe kwa sarafu ileile mara mbili? Jibu lake lilikuwa kuweka nakala ya daftari zima kwenye kompyuta nyingi zisizo na mkubwa. Kila malipo hutangazwa kwa zote, na takriban kila dakika 10 malipo mapya hukusanywa katika ukurasa mmoja unaobeba alama itokanayo na ukurasa uliotangulia, hivyo anayetaka kufuta mstari wa jana hulazimika kuandika upya kurasa zote zilizofuata. Mnyororo huo ndio huitwa blokcheini. Haki ya kuongeza ukurasa huipata yule ambaye kompyuta yake imetangulia kufumbua fumbo la hesabu, naye hulipwa kwa sarafu mpya. Kazi hiyo huitwa uchimbaji, ingawa hakuna anayeshika sururu, na hula umeme mwingi mno. Jumla ya Bitcoin haitazidi milioni 21.

Kumiliki sarafu hizi ni kumiliki ufunguo wa siri, yaani namba ndefu mno inayokuwezesha kutia sahihi malipo. Hapo faida na hatari hupakuliwa kutoka chungu kimoja. Kwa kuwa hakuna katibu, ndugu aliye Dubai anaweza kumtumia mwenzake wa Eastleigh sarafu usiku wa Jumapili bila kungoja benki ifunguliwe. Kwa sababu hiyohiyo, aliyekosea anwani hana pa kupiga simu ili muamala urudishwe, jambo ambalo sisi tuliozoea kutumiana pesa kwa simu hulisahau upesi; na aliyepoteza ufunguo amepoteza mali yake, hata kama dunia nzima inaiona imekaa daftarini.

Wengi hukwepa mzigo wa kutunza ufunguo kwa kuziacha sarafu zao kwenye soko la mtandaoni, yaani kampuni ya kununulia na kuuzia sarafu hizi. Kwa maoni yangu, hapo huwa wamemrudisha katibu waliyemkimbia, tena katibu wasiyemjua hata kwa sura. Soko la Mt. Gox liliporomoka mwaka 2014, na FTX likafuata Novemba 2022. Katika visa vyote viwili daftari la Bitcoin lenyewe halikuharibika, bali wateja waligundua kwamba sarafu walizodhani zimehifadhiwa hazikuwapo zote.

Bei nayo haitulii. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000, na kufikia Novemba iliyofuata ilikuwa imeshuka chini ya dola 17,000. Mwenye nyumba wa Umoja hangoji soko lipande ndipo adai kodi yake.

Benki Kuu ya Kenya ilitahadharisha umma Desemba 2015 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Miaka 10 baadaye, mwaka 2025, ilipitishwa sheria inayowataka watoa huduma za mali hizi wapate leseni, chini ya usimamizi wa Benki Kuu hiyo na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sheria hiyo inawalenga wenye masoko na wanaotunza sarafu kwa niaba ya wengine; anayetuma kutoka pochi yake, yaani programu inayomtunzia ufunguo, moja kwa moja hadi ya mwenzake angali peke yake na ufunguo wake.